Teknolojia na Ufundishaji wa Sheria Nchini Tanzania: Suala la Lugha katika Kutafuta na Kusoma Hukumu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza matumizi ya teknolojia ya habari katika kufundisha wanafunzi wa sheria nchini Tanzania, kwa kuzingatia lugha. Hoja kuu ni kwamba kompyuta haimletei mwanafunzi hukumu kama zilivyo, bali humletea zile tu zinazolingana na maneno aliyoyaandika. Kwa kuwa Kiswahili huunda maneno yake kwa viambishi awali, njia za kutafuta zilizobuniwa kwa ajili ya Kiingereza humwacha msomaji wa Kiswahili na sehemu tu ya kile kilichomo. Makala yanaonyesha tatizo hilo kwa mifano ya kimofolojia, ya tahajia na ya kisemantiki, na yanapendekeza zoezi la darasani linalounganisha somo la sheria na somo la lugha.

1.0 Utangulizi

Mjadala juu ya teknolojia katika elimu ya juu umeelekea kujikita katika vifaa. Huulizwa kama chuo kina kompyuta za kutosha, kama umeme ni wa kutegemewa, na kama mwanafunzi anaweza kumudu gharama za intaneti. Maswali hayo ni ya msingi, na hakuna anayeyapuuza. Hata hivyo, kwa upande wa sheria kuna swali jingine ambalo halijapewa uzito unaostahili, yaani: mwanafunzi anapokaa mbele ya kompyuta na kutafuta sheria, anaitafuta kwa lugha gani, na lugha hiyo inamfikisha wapi?

Swali hili lilipata uzito mpya mwaka 2021. Kabla ya hapo, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 ilikuwa imeweka Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za mwanzo, lakini katika mahakama za juu yake shauri liliweza kusikilizwa kwa Kiswahili ilhali kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Marekebisho ya Sheria Mbalimbali ya mwaka 2021 (Sheria Na. 1) yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama na mabaraza, huku yakiruhusu Kiingereza pale maslahi ya haki yanapohitaji hivyo. Hukumu za Kiingereza hazikukoma, na lugha ya kufundishia sheria vyuoni imebaki kuwa Kiingereza. Kwa hiyo mwanafunzi wa leo anaandaliwa kwa lugha moja ili akahudumu katika mahakama ambayo, kisheria, lugha yake ya kwanza ni nyingine. Teknolojia anayofundishwa kuitumia ama itaziba pengo hilo ama italipanua.

2.0 Kutoka Kitabu hadi Kanzidata

Ufundishaji wa sheria umetegemea teknolojia siku zote, ingawa teknolojia hiyo haikuitwa kwa jina hilo. Mwaka 1870 Christopher Columbus Langdell alipokuwa mkuu wa shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Harvard, chombo chake kikuu kilikuwa kitabu cha kesi. Kitabu chake cha hukumu za mikataba, kilichotoka mwaka 1871, kilimtaka mwanafunzi asome hukumu zenyewe na kuzichambua badala ya kupokea kanuni zilizokwisha kutayarishwa. Ila hukumu hizo zilikuwa zimechaguliwa na mwalimu. Mwanafunzi alichambua, lakini hakutafuta.

Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwezi Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14, kilirithi utaratibu huo wa kusoma hukumu. Mkuu wake wa kwanza, A. B. Weston, alitambua mapema kwamba suala la lugha halingekwepeka. Orodha ya istilahi za sheria za Kiswahili iliyotolewa mwaka 1968 ilitokana na juhudi zake na za wenzake. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba kitivo cha kwanza cha chuo hicho kilikuwa pia mojawapo ya mahali pa kwanza ambapo istilahi za taaluma ya juu zilikusanywa kwa Kiswahili.

Wakati huohuo nchi nyingine zilikuwa zikielekea kwenye kompyuta. Huduma ya kutafuta hukumu iitwayo Lexis ilianza Marekani mwaka 1973, na Westlaw ikafuata mwaka 1975. Zote mbili zilikuwa za kulipia. Mwelekeo ulibadilika mwaka 1992, taasisi ya habari za sheria ya Chuo Kikuu cha Cornell ilipoanza kutoa sheria bila malipo. Australia ikafuata mwaka 1995 kwa AustLII, na mwaka 2002 Azimio la Montreal likatangaza kwamba habari za sheria ni urithi wa wote. Nchini Kenya, Baraza la Taifa la Kuripoti Sheria liliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na kwa Tanzania hukumu na sheria hupatikana katika TanzLII, kanzidata inayoendeshwa na Mahakama ya Tanzania.

Mabadiliko haya yamegeuza nafasi ya mwanafunzi. Zamani, mwanafunzi ambaye maktaba yake haikuwa na juzuu fulani la ripoti za sheria hakuwa na njia. Leo, aliye Songea anaweza kusoma hukumu ya Mahakama ya Rufani kwa simu yake. Lakini kazi ya kuchagua, ambayo awali ilikuwa ya mwalimu na ya mhariri wa ripoti, sasa imekuwa yake, naye huifanya kwa maneno machache anayoyaandika katika kisanduku cha kutafutia.

3.0 Kutafuta Hukumu kwa Kiswahili

3.1 Kikwazo cha Kimofolojia

Kanzidata nyingi hufanya kazi kama faharasa ya kitabu. Maneno yote yaliyomo hupangwa kwa alfabeti, na kila neno huonyeshwa mahali linapopatikana. Mtafutaji asiyejua umbo kamili la neno huruhusiwa kuandika herufi za mwanzo na kuweka alama ya nyota. Kwa Kiingereza utaratibu huo unatosha kwa kiasi kikubwa, kwa sababu maneno ya ukoo mmoja aghalabu huanza kwa herufi zilezile na kutofautiana mwishoni. Anayeandika accus na nyota atapata mshtakiwa, tendo la kushtaki na shtaka lenyewe kwa mkupuo mmoja.

Kiswahili hakiendi hivyo. Maneno yafuatayo yana mzizi mmoja:

(1) shtaka, mashtaka, mshtaki, mshtakiwa, washtakiwa, kushtakiwa, alishtakiwa, wameshtakiwa, aliyeshtakiwa

Katika faharasa ya alfabeti maneno hayo yametawanyika chini ya S, M, W, K na A. Nyota iliyowekwa mwishoni haiyakusanyi. Ingelazimu kuiweka mwanzoni, lakini mitambo mingi ya kutafutia hairuhusu hilo, au hulifanya kwa taabu, kwa sababu orodha iliyopangwa kwa herufi za mwanzo haina budi kupitiwa yote ili kupata maneno yanayolingana mwishoni.

Ukubwa wa tatizo unaweza kukadiriwa kwa hesabu ndogo. Kwa kuchukua viambishi sita vya nafsi (ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-) na viambishi vinne vya njeo na hali (-na-, -li-, -ta-, -me-), shina -shtakiwa pekee linatoa maumbo 24. Hapo bado hakujahesabiwa ukanushi, urejeshi, viambishi vya ngeli nyingine, wala kauli nyingine za kitenzi hicho. Mwanafunzi aliyeandika "mshtakiwa" na kupata hukumu kumi ana haki ya kudhani amemaliza kazi, kumbe hukumu iliyoeleza kwamba watu fulani "walishtakiwa kwa pamoja" haikumfikia kamwe.

Wanaleksikografia wa Kiswahili wanalifahamu tatizo hili kwa sura nyingine. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliweka nomino nyingi zilizonyambuliwa chini ya kitenzi chake, ambapo Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliziorodhesha kwa herufi zake za mwanzo. Njia ya kwanza huhifadhi ukoo wa maneno lakini humtaka msomaji ajue mzizi. Njia ya pili humrahisishia asiyejua sarufi lakini hutenganisha ndugu. Kanzidata za sheria zimefuata njia ya pili bila ya kuamua kufanya hivyo, kwa kuwa hazikuundwa kwa kuitazama lugha hii. Suluhisho la kiufundi lipo, nalo ni programu ya uchanganuzi wa mofolojia inayoondoa viambishi na kuhifadhi mzizi kabla ya faharasa kutengenezwa. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mwanasheria peke yake wala na fundi wa kompyuta peke yake, inamhitaji mwanaisimu.

3.2 Tahajia na Istilahi Zinazotofautiana

Tatizo la pili ni la umbo la neno lenyewe. Maandishi ya mahakama yana "shtaka" na pia "shitaka". Mahakama ya juu kabisa ya Tanzania huitwa Mahakama ya Rufani, ilhali nchini Kenya mahakama inayolingana nayo kwa jina huitwa Mahakama ya Rufaa. Mwanafunzi anayelinganisha sheria za nchi hizi mbili atapaswa kutafuta mara mbili. Kadhalika, mtu anayefungua shauri la madai huitwa "mdai" katika maandishi mengine na "mlalamikaji" katika mengine, na neno hilo la pili hutumika pia kwa mtu aliyetendewa kosa katika shauri la jinai.

Uchaguzi wa istilahi moja na kuacha nyingine si kazi ya makala haya. La muhimu kwa ufundishaji ni kwamba msomaji binadamu huvumilia tofauti hizo bila hata kuzitambua, ambapo mashine huzihesabu kuwa maneno mawili yasiyohusiana. Usanifishaji wa istilahi, ambao kwa miaka mingi ulitetewa kwa hoja za umoja wa taifa na ufasaha, sasa unapata hoja ya tatu: istilahi isiyosanifiwa huificha hukumu.

3.3 Neno Moja, Maana Nyingi

Tatizo la tatu ni kinyume cha lile la pili. Hapa maneno hayapungui, bali huzidi. Mifano michache inatosha:

(2) dhamana: (a) kuachiwa kwa mshtakiwa akisubiri shauri lake, (b) mali iliyowekwa ili kulinda mkopo, (c) wajibu au madaraka aliyokabidhiwa mtu

(3) mdaiwa: (a) upande unaojibu shauri la madai, (b) mtu mwenye deni

(4) hukumu: (a) uamuzi wa mwisho wa mahakama pamoja na sababu zake; (b) adhabu aliyopewa aliyetiwa hatiani

Mwanafunzi anayetafuta haki ya mshtakiwa kupata dhamana ataletewa pia migogoro ya benki na wakopaji. Dawa yake ni kufundishwa kufunga neno kwa jirani zake. Neno "dhamana" likitafutwa pamoja na "mshtakiwa" au "upelelezi" hupata maana ya kwanza. Likitafutwa pamoja na "mkopo" au "rehani" hupata ya pili. Mbinu hii ni rahisi, lakini humtaka mwanafunzi ajue maneno ambayo kwa kawaida huandamana katika lugha ya mahakama. Huwezi kuijua bila kusoma hukumu za Kiswahili kwa wingi, jambo ambalo mtaala wa Kiingereza haumwelekezi kulifanya.

4.0 Kutoka Kupata hadi Kusoma

Kupata hukumu ni mwanzo tu. Ripoti za sheria zilizochapishwa zilimpa msomaji mambo mawili ambayo kanzidata si lazima impe: muhtasari ulioandikwa na mhariri, na hakikisho kwamba hukumu hiyo ilionekana kuwa na uzito wa kutosha kuripotiwa. Katika kanzidata, hukumu iliyobadili sheria ya nchi na hukumu iliyoahirisha shauri huonekana kwenye kioo kwa herufi za ukubwa uleule.

Mfano mzuri ni mfululizo wa mashauri ya Mchungaji Christopher Mtikila kuhusu mgombea binafsi. Katika uamuzi wake wa mwaka 1994, Mahakama Kuu, chini ya Jaji Lugakingira, iliruhusu raia kugombea bila ya kudhaminiwa na chama cha siasa. Mwaka huohuo Bunge lilibadili Katiba na kuliziba pengo hilo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua tena kwa kumpa ushindi mlalamikaji. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo, ikiona kwamba suala hilo ni la kisiasa na la kuamuliwa na Bunge. Hatimaye, mwezi Juni 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliona kwamba katazo la mgombea binafsi lilikiuka Mkataba wa Afrika.

Mwanafunzi anayefungua hukumu ya kwanza kuonekana katika orodha anaweza kuangukia yoyote kati ya hizo. Akiishia kwenye ile ya mwaka 1994 au ya 2006, ataandika kwamba mgombea binafsi anaruhusiwa nchini. Akiishia kwenye ile ya 2010, ataandika kwamba suala limefungwa. Kila jibu lina hukumu halisi nyuma yake, na kila moja, likisimama peke yake, linapotosha. Kwa hiyo mwalimu anapaswa kumzoeza mwanafunzi kuuliza maswali manne juu ya kila hukumu aliyoipata: ni ya mahakama ipi, je, ilikatiwa rufani, je, sheria iliyotafsiriwa imebadilishwa, na ni sehemu ipi ya maneno ya jaji iliyo kiini cha uamuzi na ipi iliyosemwa kando tu. Maswali haya ni ya zamani kuliko kompyuta. Jipya ni kwamba hakuna tena mhariri wa kuyajibu kabla ya mwanafunzi.

5.0 Mashine Zinazoandika na Kufasiri

Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2022, programu za akili unde (au akili mnemba) zinazojibu maswali kwa maandishi zimeingia mikononi mwa wanafunzi. Hatari yake kwa taaluma ya sheria ilidhihirika katika shauri la Mata dhidi ya Avianca lililosikilizwa New York. Mawakili waliwasilisha mahakamani hoja zenye hukumu ambazo hazikuwahi kutolewa na mahakama yoyote, kwani zilibuniwa na programu hiyo. Mwezi Juni 2023 Jaji P. Kevin Castel aliwatoza faini ya dola 5,000. Sababu ya kosa la mashine inafaa kuelezwa darasani: programu ya namna hii hupanga maneno yanayoelekea kufuatana, na jina la kesi lenye sura ya kweli si jambo gumu kulipanga. Kanuni ya kumfundisha mwanafunzi ni moja, kwamba hukumu isiyosomwa katika maandishi ya mahakama yenyewe haitajwi.

Kwa Tanzania kuna jambo la ziada. Katika miaka ya 2020 Mahakama ya Tanzania ilianza kutumia mfumo wa kunakili maneno yanayosemwa mahakamani na kuyafasiri kati ya Kiswahili na Kiingereza. Faida yake ni kubwa, maana kwa muda mrefu jaji na hakimu walilazimika kuandika kwa mkono kila neno la shahidi, tena kwa kulifasiri papo hapo. Lakini wakili wa kesho hana budi kujua mahali ambapo mfumo wa aina hiyo unaweza kuteleza. Hebu zitazamwe sentensi hizi:

(5) Alimkimbia.
(6) Alimkimbilia.

Kiambishi kimoja cha kutendea kinatofautisha aliyemtoroka mtu na aliyemwendea mbio. Katika shauri la shambulio, ushahidi wa kwanza unaweza kumwokoa mshtakiwa, na wa pili unaweza kumtia hatiani. Sikio lililokosa silabi moja limegeuza ushahidi.

(7) Alimpiga akaanguka.

Hapa maneno yamenakiliwa sawasawa, lakini haijulikani kama aliyeanguka ni mpigaji au mpigwa, wala kama ni wanaume au wanawake. Kiingereza kinadai kiwakilishi chenye jinsia, kwa hiyo mfasiri, awe mtu au mashine, atajaza kile ambacho shahidi hakukisema. Mfasiri makini husita na kuuliza. Mashine isiyopewa njia ya kuuliza huchagua, na chaguo lake huingia katika kumbukumbu likiwa na sura ya ushahidi. Iwapo rufani itaamuliwa kwa kumbukumbu ya Kiingereza, majaji watasoma sentensi ambayo haikutamkwa kizimbani.

6.0 Mfano wa Somo

Kutokana na yaliyojadiliwa hapo juu, linapendekezwa zoezi la vipindi vitatu linaloweza kufanywa hata katika chuo chenye kompyuta chache.

Katika kipindi cha kwanza wanafunzi hupewa swali moja la sheria, kwa mfano masharti ya dhamana, na hugawanywa katika makundi mawili. Kundi moja hutafuta kwa Kiingereza na jingine kwa Kiswahili. Kila kundi huandika maneno liliyoyatumia, idadi ya hukumu zilizopatikana, na ngazi ya mahakama zilizozitoa. Orodha zikilinganishwa ubaoni, wanafunzi huona kwa macho yao kwamba lugha ya swali imeamua sheria iliyoonekana.

Katika kipindi cha pili kundi la Kiswahili hutengeneza jedwali la maumbo ya kila neno muhimu: umoja na wingi, nomino na kitenzi, tahajia zake mbili, na istilahi zinazokaribiana nalo. Utafutaji hurudiwa kwa jedwali hilo. Kazi hii humfunza mwanafunzi mofolojia ya lugha yake kwa njia ambayo ina faida inayoonekana mara moja, na majedwali yakikusanywa mwaka hadi mwaka yanaweza kuwa msingi wa faharasa ya istilahi za sheria.

Katika kipindi cha tatu hufanyika mahakama ya mfano kwa Kiswahili. Maelezo ya shahidi hurekodiwa, hunakiliwa na mashine, kisha hufasiriwa kwa Kiingereza na mashine hiyo. Kundi moja linakata rufani kwa kutumia kumbukumbu ya Kiingereza pekee, na jingine linajibu kwa kutumia sauti iliyorekodiwa. Panapotokea mgongano kati ya maandishi na sauti, wanafunzi hulazimika kujadili kipi ni ushahidi. Mjadala huo ni wa sheria ya ushahidi na wa isimu kwa wakati mmoja.

Inaweza kupingwa kwamba zoezi hili linahitaji muda ambao mtaala hauna, na kwamba mwanafunzi anayefanya mitihani kwa Kiingereza ataliona kuwa mzigo. Pingamizi la kwanza lina uzito, ingawa vipindi vitatu katika muhula si vingi. La pili linathibitisha tatizo lenyewe. Mwanafunzi huyo, akishakuwa wakili, mteja atamsimulia mkasa wake kwa Kiswahili, shahidi atajibu kwa Kiswahili, na mshtakiwa atataka kuelezwa kwa Kiswahili kwa nini anafungwa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba suala la teknolojia katika ufundishaji wa sheria nchini Tanzania haliwezi kutenganishwa na suala la lugha. Mabadiliko ya mwaka 2021 yaliipa lugha ya Kiswahili nafasi yake katika sheria. Nafasi hiyo itakuwa ya jina tu iwapo hukumu zilizoandikwa kwa lugha hiyo zitakuwa hazitafutiki, na iwapo maneno ya mashahidi yatakuwa yakigeuzwa bila mtu mwenye ujuzi wa kuligundua hilo.

Kwa mantiki hiyo mambo matatu yanahitaji kushughulikiwa kwa pamoja: kanzidata za sheria zitengenezewe uchanganuzi wa mofolojia ya Kiswahili, istilahi za sheria zisanifiwe kwa kuzingatia pia mahitaji ya utafutaji, na vitivo vya sheria vishirikiane na idara za Kiswahili katika kuandaa masomo ya mbinu za utafiti wa sheria. Idara za Kiswahili nazo zinapaswa kuuona uwanja huu kuwa wao. Uchanganuzi wa kiambishi, ambao kwa kawaida huishia katika karatasi ya mtihani, una mahali pengine pa kupimwa, nako ni kizimbani, ambapo silabi moja inaweza kuamua kama mtu anarudi nyumbani au anakwenda gerezani.